Simu za Bei Rahisi na Mwalimu Wetu wa Jiografia

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti tumevikalia sisi wazee:

Katibu aliponiandikia nije niseme machache juu ya simu, nilijua sababu. Wenzangu wa darasa hunihita "Haloo" tangu mwaka 1981, nilipoajiriwa kuwa opereta wa simu za nje pale Dar es Salaam. Sikuwa fundi mitambo. Kazi yangu ilikuwa kuvaa visikilizio, kuomba laini na kuandika dakika kwenye karatasi.

Siku zile mtu akitaka kuzungumza na ndugu yake aliyeko ng'ambo, aliandikisha simu yake, akakaa kwenye benchi mpaka aitwe. Malipo ya chini kabisa yalikuwa ya dakika 3, hata kama umesema neno moja. Dakika ya 3 ikitimia, opereta aliingia katikati ya mazungumzo na kutangaza muda.

Mwaka 1986 mwenzetu mmoja, yule aliyekuwa kiranja wa bwalo, alikuwa masomoni Uingereza. Baba yake akafariki, na telegramu ikamfikia mazishi yamekwisha. Siku chache baadaye mama yake alikuja kuandikisha simu. Nililiona jina kwenye karatasi nikajua ni nani. Nikaomba laini, nikaipata, nikawaunganisha. Ndugu zangu, kwa dakika zote 3 hakuna aliyesema neno. Walilia tu, mmoja huku na mwingine kule. Kazi ilinitaka nitangaze muda, nikautangaza. Nikaandika "dk. 3", na yule mama akalipa, kwa fedha za rambirambi kama nilivyokuja kusikia.

Mwenzetu huyo leo amesafiri kutoka Toronto na amekaa safu ya tatu. Sikupata kumwambia kuwa opereta wa siku ile nilikuwa mimi. Basi sasa umejua, ndugu yangu.

Nayasema hayo ili vijana waelewe kwa nini nilistaajabu mwaka 2004. Nilikwisha acha kazi, na mimi na binamu yangu tulifungua chumba cha intaneti chenye kompyuta 6. Kijana mmoja akaja akaweka katika kompyuta moja programu iitwayo Skype. Ilikuwa imetoka Agosti 2003. Walioianzisha kampuni ni Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na waliounda programu yenyewe ni vijana wa Estonia, nchi ndogo iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti mpaka mwaka 1991. Kompyuta kwa kompyuta mliongea bila kulipa chochote zaidi ya ada ya intaneti. Nikamwandikia kiranja wetu. Jioni ile tulizungumza dakika 50, na mimi mwenyewe nikawa naangalia saa kwa mazoea, nikingoja mtu aingie katikati.

Niliuliza sana jambo lile linawezekanaje. Nitawaeleza kama nilivyolielewa. Simu ya zamani ilikukodishia njia nzima, toka mdomoni mwako hadi sikioni mwa mwenzako. Mkisema au mkinyamaza, njia ni yenu na mita inakwenda. Ndiyo maana kilio cha yule mama kililipiwa sawa na maneno. Katika intaneti sauti hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande hupewa anwani kama barua, kikasafiri katika njia ile ile wanayopita watu wengine wengi, kisha vipande huunganishwa upya vinakofika. Tena Skype ya mwanzo haikujenga nyumba kubwa ya mitambo. Kompyuta za wateja wenyewe, zile zenye nguvu, zilifanya kazi ya kuwaonyesha wengine njia. Ilikuwa namna ya ujima, ingawa wateja wengi hawakujua kuwa wamo. Agosti 2007 kompyuta nyingi duniani zilijizima na kujiwasha kwa wakati mmoja baada ya kupokea marekebisho ya Windows, na mtandao wa kampuni ukaanguka kwa siku 2 hivi.

Msidhani kwetu mambo yalikuwa laini. Intaneti yetu ilipitia setilaiti iliyoko juu kilometa 36,000, na sauti ilichukua kama robo sekunde kwenda juu na kushuka. Kwa hiyo mlikuwa mkigongana maneno. Tukakubaliana kusema "ova" kama polisi wa doria. Mkongo wa chini ya bahari, ule wa SEACOM, ulifika Dar es Salaam Julai 2009, ndipo tukaacha "ova".

Tena kulikuwa na suala la sheria. Kampuni ya simu ya taifa ilikuwa na haki ya peke yake ya kupitisha simu za nje, na haki hiyo ilikwisha Februari 2005. Kabla ya hapo tuliiweka kompyuta ile nyuma ya pazia. Sijivuni. Nilikuwa nimekula mshahara wa simu za nje miaka mingi, na sasa nilikuwa nikizitoboa kwa nyuma. Mke wangu aliniuliza ningejisikiaje ningekuwa bado ni opereta. Sikumjibu.

Sasa nifike kwa Mwalimu. Mwaka 2004 kampuni ile ilianzisha huduma ya kupiga kutoka kompyuta kwenda simu ya kawaida. Kwa nchi nyingi za Ulaya na Amerika bei ilikuwa chini ya senti 2 za Yuro kwa dakika. Kwetu ilikuwa ghali zaidi, maana intaneti ikubebe mpaka wapi, mlangoni pa kampuni ya simu ya hapa hapana budi ulipe kiingilio. Hata hivyo ilikuwa nafuu. Mwaka 2006 darasa letu lilimnunulia Mwalimu wetu wa Jiografia simu ya kubonyeza, na kiranja akawa anampigia kila mwezi. Mwalimu hakujua Skype ni nini. Alichojua ni kwamba namba ngeni ikilia, ni mwanafunzi. Swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Huko uliko ni latitudo ngapi, na leo jua limetua saa ngapi?" Kiranja alijifunza kuchungulia dirishani kabla ya kupiga.

Kampuni iliuzwa kwa eBay mwaka 2005, kisha Microsoft wakainunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ikafungwa. Waliokuwa na salio waliachiwa njia ya kulitumia, lakini salio jipya halikuuzwa tena. Wengi hawakushtuka, kwa kuwa wamekwisha hamia WhatsApp. Lakini WhatsApp haiingii katika simu ya kubonyeza. Kampuni nyingine za kupigia simu za kawaida zipo, ila matapeli wamemfanya Mwalimu aogope namba ngeni, na masikio yake yamepungua nguvu. Nilipomtembelea Agosti hiyo aliniuliza kama kiranja amekufa.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni dogo. Tunaoishi karibu naye tupo 5. Naomba chama kitununulie simu moja ya kioo kikubwa na kifurushi cha kila mwezi, nasi tutampelekea kwa zamu kila Jumapili ya kwanza, saa 10 jioni, ili aliyeko Toronto, Muscat au Mwanza amwone uso naye amwone. Karatasi ya kujiandikisha ipo kwa Katibu. Zamu ya kwanza nimeichukua mimi, na kiranja atakuwa amekwisha rudi Canada. Namwomba atazame jua.