Mhitimu wa Kriminolojia na Kazi ya Kifungo cha Nje: Nusu Iliyobaki

Mada kwa semina ya maafisa wa probesheni, machifu na wanafunzi, Kariandusi, Gilgil



Nimeombwa nieleze kama kijana aliyehitimu shahada ya kriminolojia yuko tayari kuwasimamia watu wanaotumikia adhabu zao wakiwa nyumbani. Jibu langu ni kwamba yuko tayari nusu. Nusu ya pili haimo darasani, na nitaitafuta katika ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile tunayompelekea hakimu kabla hajatoa hukumu.

Nianze na nusu anayokuja nayo, maana sisi wakongwe wa kazi hii tumezoea kuwabeza vijana. Mhitimu amemsoma mwanakriminolojia Sutherland, aliyeshikilia kwamba uhalifu hufunzwa kama ufundi mwingine wowote, kwa kukaa na wanaoujua. Amemsoma pia Hirschi, ambaye mwaka 1969 aliligeuza swali: badala ya kuuliza kwa nini mtu huvunja sheria, akauliza ni nini kinachotuzuia sisi wengine tusiivunje. Swali hilo ningelibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya probesheni, kwa kuwa ndilo tunalolipeleka kijijini. Nani anamshika huyu kijana? Mama, mke, kazi, kanisa, timu ya mpira? Afisa asiyesoma huchukua miaka kulifikia swali hilo. Mhitimu huja nalo mkobani.

Upande wa sheria huyumba kidogo. Wanafunzi wengi ninaowapokea huchanganya probesheni na huduma kwa jamii. Sheria ya probesheni, Sura ya 64, inampa hakimu nafasi ya kumweka mtu chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu. Ni sharti mtu huyo aelezwe amri hiyo kwa lugha anayoielewa, naye aikubali. Huduma kwa jamii ilikuja na sheria yake ya 1998, na inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au yale yenye kifungo kirefu zaidi lakini mahakama imeona miaka mitatu au pungufu inatosha. Hayo ni ya kusoma jioni moja. Hayanikoseshi usingizi.

Kinachonikosesha usingizi ni kosa langu mwenyewe, la miaka yangu ya mwanzo. Nililetewa faili ya kijana aliyekamatwa na mtungi wa chang'aa. Hakimu alitaka ripoti baada ya siku chache, na gari la ofisi lilikuwa bovu. Nikapiga simu. Mwanamume aliyepokea akasema yeye ni baba mdogo wa kijana, na kwamba familia imemchoka, hana mahali pa kulala. Nikaandika kwa Kiingereza safi kabisa kwamba mshtakiwa hana makao ya kudumu wala jamaa wa kumpokea. Akaenda jela.

Baada ya miezi kadhaa nilipanda huku juu kwa kesi nyingine, njia ile inayopita karibu na machimbo ya daitomaiti. Viatu vyangu vilifika vyeupe kama vya mtu aliyetoka kinuni. Nikakuta nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Ndani ya kimoja kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, na suruali ya mvulana imekunjwa juu ya mto. Ni kwa nyanya yake yule kijana. Ajuza yule hakuwa na simu wala hakujua Kiswahili. Jirani ndiye aliyenitafsiria Kiturkana chake. Naye yule baba mdogo alikuwa na kesi ya ploti na mamake huyo huyo, na mjukuu ndiye aliyekuwa akimzuia kuingia na fundi wake wa ua.

Ajuza aliniuliza jambo moja: kwa nini hakuna aliyefika kumuuliza yeye.

Hakuna mtihani wa chuo ungenionyesha kosa lile. Ripoti yangu ilikuwa na vichwa vyote vinavyotakiwa na ilijaa nadharia ya kutosha. Ilikosa mwendo wa dakika arobaini kupanda kilima, na swali ambalo ni lazima tulielekeze kwa kila anayetupa habari: wewe unapata nini huyu akifungwa?

Ugumu unazidi katika eneo hili letu. Vijiji kadhaa vya Gilgil vimejaa familia zilizohamia baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, na zingine zilikuwapo kabla. Mwanafunzi huandika kwamba "jamii haina pingamizi" baada ya kuongea na majirani watatu. Jamii gani? Majirani watatu wa lugha moja, upande mmoja wa barabara, hawajaisemea jamii. Na mlalamishi naye yuko wapi kwenye ripoti? Vijana wengi humsahau, kwa sababu masomo yao yote yalimtazama mhalifu.

Kwenye huduma kwa jamii nitapita haraka, ila nieleze kisa kimoja. Katika shule fulani nilionyeshwa daftari la mahudhurio ya mtu aliyepangiwa kufyeka uwanja. Siku kumi na nne, sahihi kumi na nne, kalamu moja, wino ule ule, mwandiko haukuchoka hata siku moja. Nyasi zilinifika magotini. Ilibainika alikuwa akipalilia mahindi shambani kwa msimamizi wake. Mwanafunzi niliyekuwa naye alikuwa ameshanakili kwamba mahudhurio ni kamili.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu, uliobatilisha hukumu ya kifo kuwa ya lazima kwa kosa la mauaji, tumeombwa pia ripoti za watu waliokaa gerezani miaka mingi ili wahukumiwe upya. Gereza Kuu la Naivasha liko papa hapa kaunti yetu. Afisa anabisha hodi kwenye boma ambako shamba limeshagawanywa, mke ameolewa kwingine na watoto hawaikumbuki sura ya baba. Anauliza: akirudi, mtampokea? Kisha ananyamaza. Kunyamaza huko, hadi mtu ajibu la moyoni, ndiko kunakowashinda vijana wetu kuliko yote. Hulijaza pengo kwa maneno yao.

Fundi viatu wa Boston, John Augustus, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa probesheni, hakuwa na shahada. Mwaka 1841 alimdhamini mlevi mmoja, na baada ya wiki tatu akamrudisha mahakamani akiwa mtu tofauti. Hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Sisemi hayo kuidharau elimu. Nasema kwamba Augustus alichunguza tabia, umri na mazingira ya mtu kabla ya kumdhamini, na alifanya hivyo kwa miguu yake.

Ombi langu kwa vyuo ni moja. Msituletee mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani kwa wiki chache za kupanga faili na kupiga chapa. Mleteni muhula mzima, aandike ripoti kumi za kweli chini ya afisa, na alama zake zitokane na ripoti hizo, zikiwemo alama za kutaja nani alihojiwa, wapi, kwa lugha gani. Machifu, nanyi msimjibu kwa simu, mwambieni apande. Sisi maafisa tutampa faili siku ya kwanza atakayoripoti. Aje na viatu vya kutembelea.