Safari ya Angani toka Nairobi hata New York, na Namna ya Kuhesabu Saa Zake



Tumeombwa tuseme machache juu ya umbali wa safari ya ndege toka Nairobi hata New York, na muda wake. Huenda mtu akauliza, Hayo yatuhusu nini sisi makarani? Yatuhusu sana, kwa kuwa sisi ndio tujazao fomu za posho na za ruhusa, na kosa la hesabu humwangukia msafiri. Mwenzetu mmoja alinyimwa siku yake ya mapumziko, kwa sababu katika ofisi moja safari ya saa 15 ilihesabiwa kuwa ya saa 7.

Kenya Airways ilianza safari hiyo, pasipo kutua njiani, tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali wake wapita kidogo kilometa 11,800. Msiupime kwa rula juu ya ramani ya ukutani, maana ramani ile ni dunia ya mviringo iliyonyoshwa kwa nguvu. Chukueni uzi, mkauvute juu ya tufe: mtauona ukielekea kaskazini-magharibi, ukikata jangwa la Sahara, ndipo uingie bahari ya Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi, ingawa marubani huiacha kidogo kwa ajili ya upepo.

Kwenda huchukua kadiri ya saa 15, na kurudi kadiri ya 14. Sababu ni upepo mkuu wa juu, uvumao toka magharibi. Humzuia aendaye, humsukuma arudiye.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme ni Januari, na ndege yaondoka Nairobi saa tano ya usiku. (Tikiti huandika 23:00, kwa kuwa hesabu yake huanza usiku wa manane.) Ongezeni saa 15: Nairobi ni saa nane ya mchana. Lakini New York iko nyuma kwa saa 8, hivyo msafiri hushuka akakuta saa ya ukutani yasema kumi na mbili ya asubuhi. Karani akihesabu toka tano ya usiku hata kumi na mbili ya asubuhi, apata 7 tu. Msafiri amekaa kitini hata miguu ikamvimba, na karatasi yasema alilala usiku mmoja mfupi!

Katika kurudi kosa hugeuka. Aondoka New York saa sita ya mchana, afika Nairobi kesho yake saa nne ya asubuhi: kwa macho ni saa 22, kwa kweli ni 14. Hapo ipunjwayo ni Serikali, na kosa hilo, twaona, halikawii kugunduliwa.

Tena toka Machi hata Novemba watu wa New York husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa 7.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twatoa shauri kwamba katika kila fomu ya safari saa ya kuondoka na ya kufika ziandikwe zote mbili kwa saa ya Nairobi, ndipo zitolewe. Na saa ya ugenini iandikwe pembeni kwa wino mwekundu.