Si kila maumivu ya tumbo ni vidonda

Leo tuongee juu ya tumbo.

Sisi tunaozunguka vijijini tunasikia neno hili karibu kila mkutano: "Mimi niko na vidonda vya tumbo." Tukiuliza, "Nani alivipima akaviona?" jibu ni, "Hakuna, nilinunua dawa tu." Hapo ndipo penye hatari. Saratani ya tumbo huanza polepole, na mwanzoni hufanana sana na vidonda. Dawa ya kupunguza asidi yaweza kutuliza maumivu ya saratani kwa muda. Kwa hivyo kupata nafuu si kusema umepona.

Basi tuangalie dalili gani?
1. Kiungulia au maumivu ya chembe cha moyo yasiyoisha, au yanayorudi kila ukimaliza dawa.
2. Kushiba upesi. Mtu anakula ugali kidogo tu, tumbo linajaa.
3. Kukonda bila sababu na kukosa hamu ya chakula.
4. Kutapika mara kwa mara, au chakula kukwama kikimezwa.
5. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu. Hii usingoje kesho, nenda hospitali leo. (Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, mweleze daktari kama unavimeza.)
6. Kuchoka na kuishiwa damu.

Dalili hizi hazisemi kwamba ni saratani. Wengi watapimwa wakutwe na ugonjwa mdogo. Lakini zinasema: pimwa, hasa ukiwa umepita miaka 40, au kama mzazi au ndugu yako aliugua saratani ya tumbo.

Na kupimwa ni vipi? Kipimo cha damu au cha choo chaweza kuonyesha vijidudu viitwavyo Helikobakta pailori. Tangu 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamevihesabu kati ya visababishi vya saratani, ingawa wengi walio navyo hawaipati. Vinatibika. Lakini kipimo hicho hakionyeshi saratani. Kinachoonyesha ni endoskopi: unalala njaa, daktari anapitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kinywani mpaka tumboni. Akiona mahali pabaya anakata kipande kidogo cha nyama, kinapelekwa maabara. Jibu la maabara ndilo la kuaminika. Uliza litatoka siku gani, na ulifuate wewe mwenyewe.

Anzeni kwenye zahanati, mwombe barua ya kupelekwa hospitali kubwa yenye kipimo hiki. Mweleze daktari wazi: dawa gani umemeza, kwa miezi mingapi. Bima ya NHIF ilikwisha mwaka 2024, sasa ni SHA. Jiandikisheni mkiwa wazima, na muulize hospitali mapema bima italipa nini.

La mwisho, jameni. Mtu akifa tunachanga upesi, ng'ombe anachinjwa, gari linakodiwa. Lakini mwenzetu akikosa nauli na pesa za kipimo tunamwambia, "Vumilia." Saratani ikijulikana mapema yaweza kukatwa na mtu akapona, ikichelewa, mara nyingi daktari hubaki kutuliza maumivu tu. Tunawaomba kila kikundi kitenge sehemu ya akiba yake kwa ajili ya kupima wagonjwa. Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, ulizaneni: nani kati yetu anakonda?