Uwanja wa Embakasi Ulijengwa na Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Jericho)



Hapa Jericho twasikia ndege za Embakasi usiku na mchana, na wengine wetu hula kwa kazi ya huko: wapagazi, wafagiaji, mafundi, makarani. Lakini ukimwuliza kijana ni nani aliyeujenga uwanja ule, atakutajia kampuni.

Zamani ndege za abiria zilitua jirani yetu, Eastleigh, katika uwanja wa jeshi la Waingereza. Uwanja huo haukufaa ndege kubwa zilizokuwa zikija. Basi Serikali ya kikoloni ikachagua mbuga ya Embakasi, penye nyasi na stesheni ndogo ya reli.

Watu wa kuichimba walipatikana upesi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na magereza yakajaa watu waliohukumiwa kwa kesi za Mau Mau. Gereza likawekwa Embakasi penyewe, kando ya kazi. Wafungwa kwa maelfu wakasawazisha ardhi kwa sururu, sepetu na karai, wakavunja mawe kwa nyundo, askari wamesimama nyuma yao. Waliookoka wamesimulia njaa na kiboko.

Ndugu zangu, kibarua aweza kuweka jembe chini, kama walivyofanya wafanyakazi wa Nairobi katika mgomo wa Mei 1950. Mfungwa hawezi. Naye nani angemsemea? Makhan Singh alizuiliwa tangu 1950 hadi 1961, na Fred Kubai alifungwa katika kesi ya Kapenguria, 1953.

Gavana Evelyn Baring aliufungua uwanja mwaka 1958. Mwaka 1978 ukapata jengo jipya, na jina la Jomo Kenyatta.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wazee 5,228. Hiyo ilikuwa fidia ya mateso. Ujira wa sururu haukuwamo.

Ndiyo maana Septemba 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege walipogoma kukataa Embakasi isikodishwe kwa Adani miaka 30, mimi niliwaona wana haki. Mpango huo ulifutwa Novemba mwaka uleule.

Sasa naomba jambo moja. Mwenye mzee nyumbani aliyechimba Embakasi, au aliyeacha habari zake kwa watoto, alete jina lake. Katibu ana daftari pale mlangoni.