Maji ya Moto Bila Kuvuka Uniti 75: Maelezo kwa Wakazi wa Kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga



Nimepewa fursa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: maji ya moto ya kuogea. Miezi ya Juni na Julai, usiku wa Shinyanga hupoa na asubuhi huamka na ubaridi, hivyo kila nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee hutafuta namna ya kupasha maji. Wengine hutumia mkaa, wengine birika la umeme, na wengine hita iliyofungwa bafuni. Kila njia ina gharama yake, na gharama hiyo haionekani kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tufungue daftari.

Tuanze na kipimo. Uniti moja ya umeme, ile inayosomeka katika mita ya LUKU, ni nishati ya kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kupandisha joto la lita 20 za maji, yaani ndoo moja kubwa, kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 40 zinazofaa kuoga, huhitaji takriban uniti 0.37. Watu watano wakioga ndoo moja kila mmoja kwa siku, jumla ni karibu uniti 1.9. Kwa mwezi ni takriban uniti 56.

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa. Wako wanaoamini kwamba kuchemsha maji machache katika birika na kuyachanganya na ya baridi hupunguza umeme. La hasha. Ukichemsha lita nne na kidogo mpaka zitokote, kisha ukazichanganya na maji ya baridi kupata ndoo moja, umetumia nishati ile ile. Kinachopunguza gharama ni kupunguza wingi wa maji, kuzuia joto lisipotee, au kubadili chanzo cha joto.

Sasa tuitazame bei. Kwa mujibu wa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa majumbani wa kundi la D1, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Kila uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya udhibiti asilimia 1. Hivyo uniti ya shilingi 100 huwa shilingi 122, ya 350 huwa 427, na ya 292 huwa takriban 356.

Chukueni mfano wa familia inayotumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, televisheni, pasi na jokofu dogo. Ikiwa katika D1 hulipa shilingi 4,880. Ikianza kupasha maji ya watu watano kwa umeme, matumizi yanafika uniti 96. Uniti 75 za mwanzo zitagharimu shilingi 9,150, na zile 21 zilizozidi zitagharimu shilingi 8,967. Uniti 21 zimekula karibu sawa na uniti 75! Mteja ambaye huzidisha kiwango hicho mara kwa mara huweza kuhamishiwa kundi la T1, na huko uniti zile zile 96 zitamgharimu takriban shilingi 34,200. Kwa hiyo maji ya kuoga yanaweza kuibadilisha bei ya umeme wote wa nyumba, pamoja na ule wa taa ya mtoto anayejisomea.

Jambo hili huwagusa zaidi wapangaji. Katika nyumba nyingi za mjini, familia tatu au nne hutumia mita moja ya LUKU. Kila familia ikitumia uniti 20 tu, familia nne zimekwisha kufika uniti 80. Hapo mpangaji mmoja akiingiza hita ya kuchemshia maji, wote watailipia, na ugomvi wa nani anunue umeme utafuata. Kaeni pamoja na mwenye nyumba, mwandikiane nani anatumia kifaa gani na kwa muda gani. Penye uwezo, kila familia iombe mita yake kwa utaratibu wa TANESCO.

Je, turudi kwenye mkaa? Jiko la mkaa la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni mwa sufuria. Maji ya watu watano yanaweza kula zaidi ya kilo moja ya mkaa kwa siku. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi ardhi ya mkoa huu ilivyokuwa imeachwa wazi, na jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulivyorudisha miti kwa kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili. Kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Equator mwaka 2002. Itakuwa hasara kuirudisha miti kwa jasho la miaka mingi, kisha kuichoma ili tuoge. Aidha, moshi na hewa ya sumu ya mkaa huua: jiko linalowaka lisiwekwe kamwe bafuni wala katika chumba kilichofungwa.

Liko jua. Shinyanga hupokea kwa wastani zaidi ya uniti 5 za nishati ya jua kwa siku katika kila mita ya mraba. Serikali nayo imelitambua hilo: mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, unaotekelezwa kwa awamu, uliwekwa katika Wilaya ya Kishapu, jirani zetu. Lakini kupasha maji hakuhitaji hata paneli ya umeme. Mtambo wa jua wa maji una sehemu mbili: kipokea joto cha rangi nyeusi, ambacho huwa cha bapa au cha mirija ya vioo, na tangi lililofunikwa kwa kizuia joto. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenda katika tangi, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, bila pampu. Kipokea joto cha mita mbili za mraba kikinasa nusu ya jua linalokiangukia, hupandisha joto la lita 100 kwa zaidi ya nyuzi 40 kwa siku.

Je, kila mtu anunue? Tukirudi katika daftari, jibu hutofautiana. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mtambo pamoja na ufundi vimefika shilingi 1,200,000.

Nyumba ya kwanza iko katika T1 na ina hita ya tangi ya lita 100 inayoachwa imewashwa. Kupasha lita hizo kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni uniti 3.5, na tangi hupoteza uniti moja hivi kwa siku hata pasipo mtu kuoga. Jumla ni uniti 135 kwa mwezi, takriban shilingi 48,000. Jua likibeba asilimia 80 ya kazi hiyo, fedha ya mtambo hurudi baada ya miezi 31 hivi. Kwa nyumba za kulala wageni za hapa mjini, Kahama, Katoro na Geita, ambako maji ya moto hutakiwa kila siku, faida huonekana upesi zaidi. Wenye majengo makubwa waulizie pia pampu ya joto, inayotumia uniti moja ya umeme kuyapatia maji joto la takriban uniti tatu, ingawa si rahisi kuipata madukani.

Nyumba ya pili ni ile ya uniti 96 iliyobaki katika D1. Hata jua likibeba kazi yote, ingeokoa takriban shilingi 13,200 kwa mwezi, na fedha ingerudi baada ya miaka saba na nusu. Hatuwezi kumshauri mwananchi huyo akope ili anunue mtambo. Aanze na njia isiyo na deni: madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyeusi, yakaanikwa tangu asubuhi mahali pasipo kivuli wala upepo. Alasiri maji huwa na uvuguvugu wa kuogea, na dumu likifungwa kwa blanketi joto hudumu hadi jioni. Maji hayo ni ya kuoga na kufua, si ya kunywa. Siku ya mawingu, umeme utaongeza kidogo tu kilichopungua.

Mwenye hita ya tangi ambaye hajawa tayari kubadili, aweke kidhibiti joto kwenye nyuzi 60. Chini ya hapo, bakteria wa hatari huweza kuzaliana tangini. Juu ya hapo, umeme hupotea na ngozi huungua. Achanganye na maji ya baridi kabla ya kumwogesha mtoto. Hita izimwe nyumba inapobaki tupu kwa siku kadhaa.

Kwa atakayenunua mtambo wa jua, nina mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, paa. Lita 150 za maji ni kilo 150, kabla ya kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Nyumba ya tofali za udongo yenye kenchi nyepesi ijengewe kichanja pembeni.

Pili, mwelekeo. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, hivyo kipokea joto kitazame kaskazini, kiinuliwe kidogo, mbali na kivuli cha mwembe.

Tatu, maji. Maji yetu ya bomba hutoka Ziwa Victoria, lakini wanaotumia visima vyenye chumvi waulize juu ya utando wa chokaa na uingizaji wa fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi lisiliwe na kutu. Maji yakikatika, mirija ya vioo ikakauka juani, isijazwe maji ya baridi mchana. Ngojeni jioni, la sivyo itapasuka.

Nne, fundi. Mtambo wenye hita ya akiba ya umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji wa mifumo ya umeme. Mwombe akuonyeshe leseni. Waya wa ardhi na vali ya kupunguza presha si mapambo, huokoa maisha.

Tano, karatasi. Dai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa muda wake na inachogharimia. Angalia alama ya ubora ya TBS.

Mambo yakiharibika, msinyamaze. Lalamiko la umeme au la mita lipelekwe kwanza ofisi ya TANESCO, mkapewe namba ya kumbukumbu. Msiporidhika, lileteni EWURA. Baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, litawaongoza katika kuliandaa. Aliyeuziwa bidhaa ya udanganyifu aende Tume ya Ushindani, FCC, akiwa na risiti yake.

Ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi, kila mmoja aandike uniti zilizobaki katika mita yake, na aandike tena baada ya siku saba, akiongeza alizonunua katikati. Wiki inayofuata apashe maji kwa jua, kisha alinganishe. Ukijua namba zako, muuzaji hatakuchagulia mtambo, wala jirani hatakubabaisha kwa hesabu zake.

 Sasa nakaribisha maswali.