Nyota, Sisimizi na Satelaiti: Usitegemee Alama Moja

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, Kitui)

  

Saumu imekolea, na jua la Ukambani nyote mnalijua, kwa hivyo sitawachosha. Nimepewa nizungumzie elimu ya kutafuta njia kwa satelaiti, yaani hii GPS iliyo ndani ya simu zetu. Mwingine atauliza: hii na Ramadhani wapi na wapi? Subirini kidogo.

Tuanze na Kibla. Ukisimama hapa Kitui, Makka iko karibu kaskazini kabisa, inaelekea mashariki kwa digrii 4 hivi tu. Simu imejuaje? Juu yetu, umbali wa kilomita 20,200 hivi, zinazunguka satelaiti za GPS zisizopungua 24. Kila moja imebeba saa ya usahihi wa ajabu, na kazi yake ni kutangaza wakati. Simu inapima mawimbi yametumia muda gani kufika, na ikizipata satelaiti 4 inajua iko wapi. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde linakupoteza mita 300. Sasa sisi tunaosema "bado dakika tano" mpaka swala inatupita, tujipime wenyewe!

Lakini sikilizeni vizuri. Satelaiti inaiambia simu mahali ilipo tu. Anayegeuza ule mshale wa Kibla ni sumaku ndogo ndani ya simu, na ukiiweka karibu na chuma, mshale unapotoka. Kwa hivyo tazama pia jua linakozama, na uulize wenyeji wa msikiti.

Futari nayo ni hivyo hivyo. Kitui na Makueni ziko magharibi ya Mombasa, na kila digrii moja ya kwenda magharibi ni dakika 4 za jua. Anayefungulia Wote kwa adhana ya Mombasa aliyoisikia redioni amefungua jua halijatua. Saumu ya mchana kutwa, inaharibika kwa haraka ya dakika chache!

Pili, usalama. Huku kwetu nyumba hazina nambari za barabara. Mgonjwa akizidiwa usiku, ukapiga 999 ama 112, utasema uko wapi? "Ukipita mwembe mkubwa, kata kushoto"? Miembe Makueni ni mingi! Simu yenye GPS inaweza kukupa tarakimu mbili za mahali ulipo hata bila intaneti, na ukazituma kwa ujumbe mfupi mara tu upatapo mtandao. Jifunzeni leo, msingoje siku ya msiba.

Na ndugu zetu wa Mutha, Kibwezi na Mtito Andei, wanaopakana na Tsavo, wanajua ndovu akiingia shambani ni kilio. Kule Laikipia, katika hifadhi ya Ol Pejeta, shirika la Save the Elephants miaka ya 2000 lilimvisha ndovu aitwaye Kimani kola yenye GPS. Akikaribia mpaka wa mashamba, kola inatuma ujumbe wa simu, na askari wa wanyama wanakuja kumrudisha. Shamba likapona, na ndovu naye akapona.

Hata hivyo, chombo kina mpaka wake. Tarehe 4 Disemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu uliofurika, huko Mwingi. Zaidi ya watu 30 walifariki. Walikuwa majirani zetu, na Kitui nzima ililia. Jamani, GPS itakwambia mto uko mbele. Kina cha maji leo haikwambii. Hapo inabaki akili, na ujasiri wa abiria kusema, "Dereva, simama, tushuke." Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio atawakali. Uhai ni amana.

Tatu, tuangalie viumbe. Katika Suratun-Naml tunasoma habari ya sisimizi aliyewaonya wenzake waingie maskani yao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.). Sisimizi wa Jangwa la Sahara hutoka kutafuta chakula kwa kuzungukazunguka, kisha hurudi shimoni moja kwa moja. Vipi? Anasoma mwanga wa anga ambao macho yetu hayauoni, na anapima mwendo kwa hatua zake. Mwaka 2006 wataalamu waliwarefushia miguu baadhi ya sisimizi wakati wa kurudi: wakalipita shimo lao! Waliofupishwa wakasimama kabla ya kufika.

Kutoka kwao, watafiti wa Marseille, Ufaransa, walitengeneza roboti ya miguu 6 iitwayo AntBot, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba ilitembea mita 14 hivi na kurudi ilikotoka bila GPS, kwa kosa la sentimita moja hivi tu. Kwa nini wahangaike na GPS ipo? Kwa sababu mawimbi ya satelaiti yakifika chini ni dhaifu mno; jengo linayazuia, na adui anaweza kuyavuruga. Sisimizi hategemei alama moja: ana anga, ana hatua. Mabaharia wa pwani yetu nao walikuwa na nyota, upepo na rangi ya maji.

Ndugu zangu, Aya ya 97 ya Suratul-An'aam inatukumbusha neema ya nyota gizani, bara na baharini. Aliyeumba nyota ndiye aliyempa sisimizi hesabu, na ndiye aliyempa binadamu akili ya kurusha satelaiti. Basi nawausia: tumieni chombo, hakikisheni kwa alama nyingine, na mbele ya maji yaliyofurika, simameni. Na nyinyi mnaosoma hesabu na fizikia shuleni, msiione elimu hiyo iko mbali na dini.

Allah atutakabalie saumu zetu, awalinde wasafiri wetu, na atuongoze njia iliyonyooka. Aamin. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.