Mkono Ulioandika Tarehe



Kila mwaka, michezo ya shule za sekondari inapopanda daraja kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, na kutoka hapo hadi kanda ya Pwani na taifa zima, mashitaka ya mamluki, yaani wachezaji wasiostahili, huzuka viwanjani, uwe ni uwanja wa Alaskan hapa Malindi au ule wa Karisa Maitha kule Kilifi. Rufaa hukatwa, timu hufukuzwa, kijana huzomewa mpaka nje ya lango, na kesho yake wale waliomleta huonekana wakiamkiana na wenzao kana kwamba hawakuwapo. Hapo ndipo ninapotaka kusimama leo, kwa kuwa dhuluma iliyopo hapo naiona kubwa kuliko ile ya bao la haramu.

Natuitazame hila yenyewe inavyofanywa. Kijana aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, ambaye sasa anavua samaki au anakata mawe machimboni na jioni huichezea timu ya mtaa, hufuatwa na mtu mzima mwenye maneno laini, akaahidiwa viatu, fedha kidogo, na pengine karo ya kurudia mtihani. Kisha huvishwa sare ya shule na kukabidhiwa jina la mwanafunzi mwengine, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi huyo na nambari yake katika mtambo wa Wizara ya Elimu wa kuhifadhi habari za wanafunzi. Kijana huyu hana ruhusa ya kuufungua mtambo huo, wala hana muhuri wa shule, wala hana saini inayotambuliwa na chama cha michezo. Basi ni nani aliyeghushi?

Wako wengine ambao ni lazima tuwatenge na mamluki hao, maana insafu yataka hivyo. Mtoto wa Ganze au Magarini, ambaye miaka ya ukame ilimweka nyuma ya mbuzi mpaka akaingia darasa la kwanza ana miaka tisa au kumi, na ambaye cheti chake kilitafutwa baadaye kwa makadirio ya wazazi, ni mwanafunzi halali hata akiwapita wenzake kwa kimo na kwa ndevu. Nchi hii ilimwona Kimani Maruge akiingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na shule ikampokea. Umri si kizuizi cha kusoma. Ni mpaka wa mashindano tu, na mtoto aliyeupita aweza kuelezwa hivyo kwa upole na kubaki shuleni, akawafunza wadogo zake au akashika filimbi. Khiyana huanza pale mtu mzima, kwa tamaa ya kombe, anapoona ni wepesi zaidi kumpunguzia miaka kuliko kumwambia kweli.

Aprili mwaka 2018 vijana wa ndugu zetu wa Zanzibar walikwenda Burundi kwa mashindano ya CECAFA ya wasiozidi miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya umri. Watoto hao hawakujisajili wenyewe, wala hawakujikatia tiketi, na walakini ndio waliorudi na fedheha. FIFA nayo, tangu Kombe la Dunia la vijana wa umri huo lililochezwa Nigeria mwaka 2009, hupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ili kumtambua aliyezidi miaka. Ni elimu nzuri, lakini mashine hiyo husoma mfupa wa mtoto; mkono ulioandika tarehe ya uongo hausomi.

Huko Marekani, mwaka 2001, mtoto mmoja aitwaye Danny Almonte aliwastaajabisha watu kwa kurusha mpira katika mashindano ya besiboli ya watoto wasiozidi miaka 12, kisha ikathibitika kuwa alikuwa na miaka 14. Ushindi wa timu ulifutwa. Lakini waliofungiwa maisha ni baba yake na mwanzilishi wa timu, na mtoto mwenyewe hakutiwa hatiani. Tena ikadhihirika kwamba tangu afike New York hakuwa amepelekwa shule. Lililoniumiza mimi ni hilo la mwisho, kwa kuwa watu wazima wote wale walioupenda mkono wake, hapana aliyeshughulika na daftari lake.

Hapa kwetu sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya jina lake tangu kuzaliwa, nayo Sheria ya Adhabu, katika kifungu cha 349, humwekea mwenye kughushi hati kifungo cha hadi miaka mitatu. Najua walimu husongwa: wazazi hudai kombe, mfadhili hudai picha, na shule iliyofika michezo ya Afrika Mashariki hupata sifa na wanafunzi. Sisi tunaoshangilia bila kuuliza tumo katika lawama hiyo. Wala tusimsahau yule mwanafunzi wa kweli, aliyefanya mazoezi mwaka mzima juani, kisha akaambiwa akae benchi ampishe mgeni, na akatakiwa kunyamaza kwa ajili ya heshima ya shule. Huyo amefunzwa na walimu wake, bila ya ubao wala chaki, kwamba uongo wa wakubwa hulindwa.

Nataka, basi, kamati ya rufaa itakapoketi safari ijayo, uamuzi wake usomwe hadharani ukiwa na cheo cha aliyetia saini orodha, na jalada lipelekwe kwa Tume ya Huduma za Walimu, na kwa polisi palipo na cheti cha kughushi. Kijana arudishiwe jina lake, na kama aliahidiwa karo, aliyeahidi ailipe.